Kushoto Kwanza

Baba alifariki Jumanne ya pili ya Machi, saa nne asubuhi, akiwa amesimama kwenye mzani wa malori pale ghala la nafaka la ushirika, kalamu nyuma ya sikio. Dereva aliyekuwa akisubiri karatasi yake alidhani baba ameinama kuokota kitu. Mimi nilikuwa darasani, kipindi cha kemia. Naibu mkuu wa shule alikuja mlangoni akaniita kwa jina langu lote, Brynn Hoekstra, na nilipoona ameshika koti langu nikajua si habari ya masomo.

Siku ile nilifika nyumbani nikakuta tromboni yangu kwenye kochi, nilipoiacha asubuhi. Baba hakupenda iachwe kwenye kochi. Niliirudisha kwenye sanduku lake. Sikumbuki nilifanya nini kingine hadi jioni.

Tulimzika Jumamosi. Baada ya ibada watu walishuka chumba cha chini cha kanisa, wakala mikate ya nyama ya nguruwe na viazi vya kuoka kwa jibini, wakanywa kahawa nyepesi, wakaongea juu ya bei ya mahindi kwa sababu hawakujua waongee nini. Kabla ya hapo, juu kanisani, Anko Duane Petrick alisimama kumzungumzia baba. Si ndugu yetu wa damu. Yeye na baba walikua pamoja, nyumba zikitazamana, na mimi nimemwita anko tangu nijue kusema.

"Lyle hakuwa mtu wa maneno," alisema. "Lakini ukitaka kumwona akiongea, mtajie bendi ya chuo. Miaka minne, safu ya T, namba tisa. Watu elfu sitini uwanjani, na Lyle wetu wa Alder Grove anatoka kwenye lile tundu chini ya jukwaa la watazamaji na tromboni yake. Hakuna siku aliyoisahau."

Watu walicheka kidogo na kufuta macho. Mimi nililia wakati huo, si wakati wa kaburi.

Nieleze hiyo namba. Katika bendi ya chuo, inayopiga ikitembea uwanjani kabla ya mechi za mpira, kila safu ina herufi, na kila mtu kwenye safu ana namba, na namba hiyo ndiyo mahali pako uwanjani. Watu huondoka na namba hubaki. T tisa ni mtu wa tisa kwenye safu ya pili ya tromboni. Nilijua hivyo kabla sijajua jedwali la kuzidisha.

Nilikuwa na miaka minane baba alipoanza kunifundisha. Tulikuwa mbele ya gereji, jioni za kiangazi, yeye na fagio na mimi na fagio dogo. Alinifundisha namna bendi inavyotoka. Wanakimbia kutoka chini ya jukwaa, wanasimama ghafla, wanahesabu nne bila sauti, halafu ala zote zinazungushwa kwa pamoja: upande, upande, upande, juu. Ndipo wapige noti ya kwanza.

"Kulia, kushoto, kulia, juu," baba alikuwa akisema. "Usitupe mikono. Zungusha kiuno, mikono ifuate. Tena."

"Nimechoka, baba."

"T tisa hachoki. Tena."

Mama alikuwa akitutazama kupitia dirisha la jikoni huku akiosha vyombo. Nilidhani anafurahia.

Kila vuli baba alikwenda mechi zote za nyumbani za timu ya chuo. Alikuwa na kiti chake alicholipia kila msimu, upande wa wageni, safu ya kumi na moja, katikati kabisa. Mimi alinichukua mara moja kwa mwaka. Niliwahi kumuuliza kwa nini tusikae karibu na bendi, upande wao.

"Huku ndiko unawaona usoni," alisema.

Niliwahi kumuuliza pia picha zake ziko wapi. Akasema mafuriko ya mwaka tisini na tatu yaliingia chumba cha chini cha bibi yakaondoka na kila kitu. Na sare? Sare ni mali ya chuo, inarudishwa. Na ile siku ya Oktoba ambapo wanabendi wa zamani hurudi kupiga pamoja, mbona haendi? Oktoba ni mavuno, malori yanapanga foleni hadi barabarani, nani atapima? Kila swali lilikuwa na jibu, na majibu yote yalikuwa ya kweli. Mafuriko yalikuwepo. Malori yalikuwepo.

Aprili nilijaza fomu ya kuomba kuingia bendi hiyohiyo ya chuo. Kulikuwa na mahali pa kuandika kama mzazi wako aliwahi kupiga, mwaka gani, namba gani. Nikaandika: Lyle Hoekstra, 1988 hadi 1991, T tisa. Mama alikuwa amekaa mbele yangu akipanga kadi za rambirambi. Nilimsomea.

"Nimeandika vizuri?"

"Umeandika vizuri," alisema.

Kambi ya bendi huanza Agosti, siku nane kabla ya masomo. Unapanga vitu vyako bwenini wakati bweni bado ni tupu na lina harufu ya rangi mpya. Asubuhi saa moja mko kwenye uwanja wa mazoezi, umande bado uko kwenye nyasi, na ikifika saa nne jua limekuwa kali kiasi kwamba tromboni inakuunguza begani. Wapya wa tromboni tulikuwa ishirini na sita. Nafasi zilikuwa kumi na moja. Ijumaa majina hubandikwa kwenye mlango wa jengo la muziki, na ambaye jina lake halipo anarudi bwenini na kuanza masomo kama mwanafunzi mwingine yeyote.

Mkuu wa safu yetu alikuwa Shawntel Briggs, wa mwaka wa nne, anasomea uhandisi wa madaraja. Alikuwa na sauti ya kufika ng'ambo ya mto, na hakuitumia kwa hasira. Siku ya kwanza alisoma karatasi zetu akiwa amekaa juu ya ndoo ya maji iliyogeuzwa.

"Hoekstra ni nani?"

Nikainua mkono.

"Baba yako alikuwa T tisa?"

"Ndiyo. Miaka minne."

"Na mwaka huu T tisa iko wazi. Hebu simameni hapo muone kitu." Aliwageukia wengine. "Kwenye safu hii, mtoto wa aliyeshika namba anasimama juu ya hiyo namba wiki nzima ya kambi. Hapewi. Anaisimamia tu, na ninyi mnajaribu kumtoa. Garrick, wewe ulikuwa unaitaka?"

"Nilikuwa naitaka," alisema Garrick, kijana mrefu kutoka Davenport mwenye pua iliyoungua na jua. "Sasa itabidi nitafute baba mwingine."

Watu walicheka, nami nikacheka. Nilikwenda nikasimama kwenye alama ya tisa, chokaa nyeupe kwenye nyasi, na nikahisi kwamba baba amesimama chini yangu, kama mtu aliyeshika ngazi usianguke. Siku mbili nilisimama hapo. Nilipiga vizuri. Niliinua magoti ipasavyo. Jioni nilimwandikia mama: niko kwenye namba yake. Alijibu kwa picha ya moyo.

Siku ya tatu tulifundishwa kutoka.

Shawntel alitupanga, wa zamani na wapya wamechanganyika, akasema anajua sote tumeitazama kwenye video mara mia, kwa hiyo tuifanye mara moja bila maelezo, aone tulipo. Tukakimbia hatua ishirini. Tukasimama. Nikahesabu nne. Nikazungusha kiuno, mikono ikafuata, laini kama baba alivyotaka, na tromboni yangu ikagongana na ya mtu aliyekuwa kulia kwangu kwa nguvu hadi bomba la kuvuta likaruka kutoka mkononi mwake.

Wote walikuwa wamekwenda kushoto. Mimi na wapya wengine wawili tulikwenda kulia.

"Vioo," alisema mtu nyuma, na wa zamani wakacheka. Hawakucheka vibaya. Walicheka kama watu waliokuwa wanasubiri jambo likafika.

"Kila mwaka," alisema Shawntel. "Kila mwaka tunapata vioo viwili vitatu. Msione haya. Mmejifunza mkitazama bendi kwa mbele. Sisi tukienda kushoto kwetu, wewe uliye jukwaani unaona kulia kwako. Ukiiga, unakuwa kioo. Ninyi wawili mlijifunza kwenye video?"

Wale wawili walikubali.

"Na wewe Hoekstra?"

"Mimi nilifundishwa na baba."

"Baba aliyekuwa T tisa."

"Ndiyo."

"Basi amesahau. Miaka mingi."

"Hakusahau," nilisema. "Alinifundisha miaka kumi. Labda zamani mlikuwa mnaanza kulia."

"Hapana, dada," alisema taratibu, na hapo ndipo alipopunguza sauti yake. "Tangu mwaka wa sabini na nne ni kushoto. Uliyeizungusha mwilini mwako miaka minne huwezi kuigeuza. Bibi yangu amesahau majina yetu wote, lakini mpe uzi na sindano za kufuma uone kama atageuza mkono."

Garrick hakuweza kujizuia. "Labda baba yake alikuwa T tisa wa timu ya wageni."

"Garrick, kachote maji."

"Ndoo imejaa."

"Imwage halafu ukachote."

Tuliendelea na mazoezi hadi saa tano. Nilizungusha vibaya kila mara. Nilipotaka kwenda kushoto, kiuno kilikuwa tayari kimekwenda.

Mchana, wakati wa chakula, Shawntel aliniita kwenye chumba cha ala. Hakuniita peke yangu. Ni desturi kwamba mtoto wa aliyeshika namba huonyeshwa kabati la hiyo namba mbele ya safu, na ilikuwa imepangwa tangu siku ya kwanza, kwa hiyo wote walikuja na jasho lao na mikate yao mkononi. Nadhani Shawntel alikuwa ameshaanza kuhisi, maana alisema, "Tunaweza kufanya kesho."

"Leo ni sawa," nilisema. Nilitaka waone jina.

Makabati ni ya mbao, marefu, na ndani ya kila mlango kuna majina ya wote walioishika namba hiyo, kila mmoja ameandika kwa mkono wake mwisho wa msimu wake wa mwisho. Alifungua la tisa. Nilisoma kuanzia juu. Mwaka wa sabini na nne, wa sabini na saba, wa themanini na tatu. Halafu, kwa herufi kubwa zilizolala upande, mwandiko niliouona kwenye kadi zangu za siku ya kuzaliwa tangu nijue kusoma:

Duane Petrick, Alder Grove, 1988 hadi 1991.

Kuna mtu alikuwa anatafuna, akaacha. Nilisoma mstari wa juu yake na mstari wa chini yake. Nilisoma mlango wa nane, na wa kumi. Nadhani nilifungua makabati sita. Hakuna aliyenizuia.

"Labda waliandika vibaya," alisema Garrick, na alisema kwa upole, na huo upole wake ndio uliokuwa mbaya kuliko mzaha wa asubuhi.

Nilitoka nje, nikakaa kwenye ngazi ya nyuma karibu na mapipa ya taka, nikampigia Anko Duane. Alikuwa shambani, nilisikia trekta, halafu akalizima.

"Brynn, mwanangu. Wanakulisha vizuri huko?"

"Anko, nimeliona kabati."

Hakuuliza kabati gani.

"Nimeona jina lako," nilisema.

"Ndiyo," alisema. "Lipo."

"Baba je?"

"Tulikwenda pamoja. Pikapu moja, la mzee wangu. Kambi ileile, joto lilelile. Ijumaa wakabandika majina. Langu lilikuwepo. Lake halikuwepo. Alinisaidia kubeba vitu vyangu kwenda kwenye bweni la bendi, halafu tukala, halafu akaniambia yuko sawa. Krismasi alirudi nyumbani, hakurudi tena chuoni."

"Kwa hiyo hakupiga hata mechi moja."

"Hakukosa hata mechi moja. Kila Jumamosi alikuwa kwenye kile kiti, miaka yangu yote minne. Nikitoka chini ya jukwaa namwona."

"Sikuulizi hivyo, Anko. Nauliza kama alipiga."

"Hapana. Hakupiga."

Akaniambia lilivyoanza. Walikuwa baa, mwaka wa tisini na tano hivi, watu wa kutoka mji mwingine, na mmoja akauliza ni nani kati yao alikuwa kwenye bendi. Baba akasema, mimi. Anko Duane alikuwa na glasi mdomoni. "Nikafikiri ni usiku mmoja. Mimi nilishakuwa na ile namba, nikaona akiishika kidogo hainipunguzii kitu. Halafu akakutana na mama yako wiki ileile. Halafu ukazaliwa wewe. Ningeichukua saa ngapi?"

"Ulisimama kanisani."

"Mwanangu."

"Ulisimama kanisani mbele ya jeneza lake ukaniambia mimi. Wengine wote pale ni wakubwa, hawajali namba. Ulikuwa unaniambia mimi."

"Ulikuwa unanitazama," alisema. "Ungekuwa wewe ungesema nini?"

Nilikata simu. Nikampigia mama, na nikamuuliza swali moja tu, alijua tangu lini.

"Kabla hatujafunga ndoa," alisema. "Bibi yako alinionyesha barua ambayo bendi ilimwandikia baadaye, ya kumkataa. Aliitunza kwenye Biblia. Haikuchukuliwa na mafuriko."

"Nilikusomea fomu, mama."

"Ulikuwa umefiwa wiki tano zilizopita, Brynn. Ulikuwa huli. Ile fomu ndiyo kitu cha kwanza ulichokifanya ukiwa umekaa wima."

"Wameniweka kwenye namba yake. Siku tatu nimesimama pale wakiniangalia. Ulinitumia moyo."

Alianza kulia, na mimi sikumbembeleza. Siku nyingine yoyote ningembembeleza. Nilimsikiliza akilia hadi kengele ya mazoezi ya mchana ikalia, nikamwambia naenda.

Sikwenda kwenye alama ya tisa. Nilikwenda mwisho kabisa wa safu, pembeni, mahali wanaposimama wa akiba. Garrick alinitazama, akamtazama Shawntel, halafu akaenda akasimama kwenye tisa. Shawntel alikuja kwangu.

"Huna haja ya kukaa huku. Piga hatua nne, kuna nafasi."

"Niliandika uongo kwenye fomu."

"Uliandika ulichoambiwa. Sikiliza. Unapiga vizuri kuliko wapya wote isipokuwa mmoja. Lakini watu mia mbili na arobaini wakienda kushoto na mmoja akaenda kulia, mtoto wa miaka mitano aliye juu kabisa anamwona. Ijumaa sitabandika jina la kioo. Nina siku mbili za kukugeuza. Unataka au hutaki?"

Hilo ndilo swali nililolala nalo, na sikujua. Bendi yenyewe nilikuwa naitaka kwa ajili ya nani? Mikono yangu ilikuwa na miaka kumi ya baba ndani yake, na yote ilikuwa kinyume. Hakunifundisha kitu alichokifanya. Alinifundisha kitu alichokiona, kutoka safu ya kumi na moja, upande wa wageni, akiwa amekaa na karanga zake, akimtazama rafiki yake. Mbele ya gereji alikuwa na fagio na alikuwa anamwiga Duane.

Asubuhi nilikwenda uwanjani kabla ya wengine. Nilizungusha kushoto kwanza mara mia moja, polepole, bila tromboni, kisha mia nyingine nayo. Kila mara kiuno kilitaka kwenda kulia, na kila mara nilisikia "tena", na ilinibidi niikatae sauti ile ndipo niende. Sikuwahi kumwambia baba hapana alipokuwa hai. Alikuwa mpole, hakukuwa na sababu.

Shawntel alikuja akasimama mbele yangu, halafu akabadili mawazo, akasimama kando yangu, bega kwa bega.

"Usiniangalie," alisema. "Angalia mbele. Mimi niko huku tu."

Hivyo ndivyo wanavyofundishana wenyewe. Baba alisimama mbele yangu miaka yote ile. Hakuwahi kusimama kando.

Ijumaa saa nane mchana jina langu lilikuwa mlangoni. T kumi na mbili. Garrick alipata tisa. Alinishika bega akasema, "Pole, na hongera," kwa mpangilio huo, na nikamwambia asante kwa yote mawili. Sikumpigia mtu simu. Mama alilisoma mwenyewe kwenye ukurasa wa bendi akaniandikia, nami nikajibu neno moja.

Sijui kama ningemsamehe angekuwa hai. Ningemuuliza, nadhani, na angekuwa na jibu. Hilo ndilo linaloniuma zaidi, kwamba nimefiwa na mtu ambaye ningeweza kugombana naye. Ninayemkumbuka ni wa mbele ya gereji, na huyo nimekuwa nikimwondoa mwilini kila siku kuanzia saa kumi hadi saa kumi na mbili jioni. Ninaandika haya ili nibaki nayo mahali fulani, kulia, kushoto, kulia, juu, kama alivyosema, kwa sababu mwezi ujao mikono yangu haitaikumbuka.

Kabati la kumi na mbili lina majina tisa mlangoni. Langu litaandikwa nikimaliza, si kabla.

Kiti cha safu ya kumi na moja kililipiwa msimu mzima tangu Februari. Mama amesema atakikalia yeye. Mechi ya kwanza ni Jumamosi saa saba mchana, na sisi tunatoka dakika ishirini kabla.